Gari Lililotundikiwa Dripu

Baba yangu aliwahi kulazwa kwa malaria kali, na siku aliyoruhusiwa alitoka wodini na vitu viwili: vidonge vya kumalizia dozi, na mpira wa dripu aliyokuwa ametundikiwa. Mpira ule ulikuwa wa kutupwa. Yeye aliuomba kwa muuguzi, akauviringisha, akautia mfukoni mwa koti, akapanda nao mlima hadi nyumbani kwetu Nkoaranga. Mama alidhani ameuchukua kwa shukrani, kwa kuwa ulimwokoa. Kumbe mwenzake alikuwa amepata spea.

Ilikuwa bado ile miaka ya kukosa kila kitu. Ukienda mjini kutafuta mpira wa petroli unaambiwa usubiri, na ukiuliza usubiri mpaka lini, unatazamwa kama mhujumu uchumi. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli aliyoitumia kushusha ndizi na maziwa sokoni, na mipira yake ilikuwa imeoza. Akaupima ule wa dripu, akaukata, akaunganisha pampu na kabureta, gari likawaka. Na kwa kuwa mpira wa dripu unaonyesha, petroli ilionekana ikipita ndani yake, na baba alisimama mbele ya boneti iliyo wazi akiitazama kwa raha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake hata kanisani. Kuanzia hapo majirani waliliita gari letu Mgonjwa. "Mgonjwa anaendeleaje?" walimuuliza wakikutana naye njiani. Baba hakukasirika. "Anakula," aliwajibu.

Miaka ikapita, ruksa ya kuingiza bidhaa ikaja. Maduka ya Arusha yakajaa mpaka ukakosa pa kutazama: redio, sabuni za kunukia, mitumba ya kila rangi, spea za magari zikining'inia milangoni kama nyama buchani. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini, nimepanga chumba Engutoto, na nyumbani nilipanda mwisho wa wiki. Kila nilipofika nilikuta Mgonjwa bado yuko kwenye dripu. Ndugu yeyote akilazwa, baba alikwenda kumjulia hali kwa moyo mweupe kabisa, ila jicho lake moja lilikuwa kwenye mpira. Nikimwambia kwamba mipira ya kweli imejaa madukani, alinijibu, "Ile myeusi? Utajuaje kama ndani kuna kitu?"

Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwa mama, na jambo hili lilinichoma. Plastiki ya dripu haikutengenezwa kwa ajili ya petroli. Ikikaa nayo inageuka rangi ya chai, inakakamaa, inapata nyufa ndogo usizoziona, na gari linavuta hewa badala ya mafuta. Basi Mgonjwa akifika mlimani anakohoa, anakohoa, anazima. Baba anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anafungua boneti, anachomoa mpira, anaunyonya kwa mdomo mpaka petroli ije, anatema, anauchomeka tena, safari inaendelea. Alikijua kila kikohozi cha gari lile na maana yake. Ndiyo sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kuliendesha. Leseni nilikuwa nayo, nilijifunza mjini kwa gari la shule ya udereva, lakini ilikaa kabatini pamoja na vyeti vyangu.

Ningeweza kuyaacha hayo yote yalivyo, kama si Koko.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama mzaa mama. Kwao ni upande wa pili wa Mlima Meru, magharibi, kwa Waarusha, nchi ya vumbi na ng'ombe na mahindi. Mama aliolewa huku kwenye migomba akiwa msichana mbichi, na tangu hapo mama yake hakuwahi kupaona anapoishi. Mama ndiye aliyekwenda kwao kusalimia na kurudi, basi. Sasa Koko alikuwa mzee kabisa, macho yameanza kuingia ukungu, na safari moja mama alirudi na ujumbe wake: "Nataka kuona jiko anapopikia binti yangu, kabla macho hayajafunga." Mama aliusema ujumbe huo tukiwa mezani, akainuka, akaenda kukamua. Hakuurudia tena. Lakini kesho yake alianza kulikandika upya jiko lake kwa udongo, ukuta baada ya ukuta, na hakuna aliyemuuliza anamkandikia nani.

Ugumu wenyewe ulikuwa ukwe. Baba hawezi kukaa kiti kimoja na mama mkwe wake. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima. Kwetu, na kwa Waarusha vilevile, mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja, anaiacha njia. Hawali pamoja, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Na pikapu ina kiti kimoja tu mbele, dereva na abiria bega kwa bega. Kumpakia bikizee wa heshima ile nyuma, juu ya maganda ya ndizi, nani angethubutu? Kaka zangu walikuwa mbali, kila mmoja na kibarua chake. Basi la abiria Koko hakuweza kulipanda, nyonga zilimuuma. Tulipotuma habari kwamba tutakodi gari na dereva wake, Koko alirudisha jibu: "Nibebwe na mtu ambaye simjui kwao? Kwani mimi ni gunia?"

Kwa hiyo dereva alikuwa mimi. Na ili niwe mimi, dripu ilikuwa lazima itoke.

Nilimwambia baba tukiwa tunakata majani ya ng'ombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. "Baba, Koko atakuja kwa gari hili au hatakuja kabisa. Na mimi siwezi kusimama mlimani nanyonya petroli huku yeye ananisubiri ndani."

Baba alifuta panga lake kwenye majani, pande zote mbili. "Mama," akaniambia, maana huniita hivyo, nimechukua jina la mama yake, "unadhani mimi sitaki aje? Yule mama alinipa mtoto wake. Mpaka leo sijampa hata maji ya kunywa kwa mkono wangu, na sitakaa nimpe. Twende kwa fundi."

Hasira zangu zote zikakosa pa kukaa. Nilikuwa nimemwona kama mzee mbishi anayependa plastiki. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba heshima ile, ambayo sisi watoto tuliichekea pembeni, kwake ilikuwa pia mzigo.

Fundi wetu alikuwa na gereji ya mabati Elerai. Wazazi wake walitoka Kondoa, yeye alizaliwa hapa hapa mjini, na alikuwa na maneno mengi kuliko spana. Aliingia chini ya gari akiwa anaongea, akatoka na kutu kwenye paji la uso bado anaongea. Bomba la chuma linaloleta petroli kutoka kwenye tangi lilikuwa limeliwa. "Mzee, hili linashikiliwa na rangi tu," alisema. "Tutoe lote, kutoka tangi mpaka kabureta." Halafu akafungua boneti, akagusa mpira wa dripu, nao ukakatika mkononi mwake kama tambi mbichi. Akautazama, akamtazama baba. "Shikamoo mzee! Kumbe gari lilikuwa limelazwa?"

Gereji nzima ilicheka, na baba akacheka nao. Lakini kile kipande alikiokota, akakifuta, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Alitaka kipande kidogo cha namna ile kibakizwe karibu na kabureta, kiwe kidirisha.

"Mzee," fundi akasema, "petroli haitaki kuonekana. Inataka kufika."

"Na mimi nataka kuiona ikifika."

Niliwaacha hapo hapo, nikaenda kununua mpira. Duka nililoliingia lilikuwa limepangwa vizuri, spea zote ndani ya mifuko inayong'aa. Niliomba mpira wa petroli, nikapewa mpira mweusi laini wenye mfuko uliochorwa gari, nikarudi nao kwa majivuno. Fundi hakuufunga. Alikuwa na ubao ukutani uliopangwa makopo ya jemu, na ndani ya kila kopo kipande cha mpira wa mtu kimeloweshwa kwenye petroli, kama achari. "Enzi hizi za ruksa kila kitu kimeruhusiwa, mpaka uongo," alisema. Akakata kipande cha kwangu, akakidumbukiza. "Mpira kwanza unalala kwenye petroli. Ukiamka mzima, naufunga."

Wa kwangu haukuamka mzima. Asubuhi ulikuwa umevimba, na ukiuminya unaacha weusi vidoleni. Mimi huyo, moto, mpaka dukani. Mwenye duka alikuwa mwanamume mtaratibu, kanzu safi, alikuwa anapanga taa za pikipiki.

"Nilikuomba mpira wa petroli," nikamwambia, bila hata salamu.

"Ndio niliokupa, dada yangu."

"Umeyeyuka!"

"Uliulowesha?"

"Sasa mpira wa petroli haulowi petroli?"

"Ule ni wa petroli, lakini wa kunyonyea. Unanyonya kwenye tangi, unajaza dumu, unaukausha, unautundika. Wewe hukuniambia unataka wa kukaa."

"Wa kukaa?"

"Wa kukaa na petroli," alisema, akiweka taa moja juu ya nyingine. "Wa ndoa. Ule ulikuwa wa kupita tu."

Wateja walicheka, na mimi nilijikuta nacheka kwa sauti kuliko wote, ile hotuba yangu niliyokuja nayo njia nzima imenifia mdomoni. Kweli mpira tumeupa kazi nyingi mno: wa kuchezea, wa kumwagilia bustani, wa kumpitishia mgonjwa maji. Nikamsalimia mwenye duka upya, kwa adabu, na nikaomba wa kukaa. Akaniletea mwingine, mgumu, mnene, ambao ukiutazama mahali ulipokatwa unaona nyuzi zimefumwa ndani ya ukuta wake. Alipokuwa akiupima, niliona kwenye msumari nyuma yake kichujio kidogo cha petroli, cha plastiki, ukubwa wa yai la kuku, kinachoonyesha ndani kama glasi.

"Na hicho?"

"Hicho nacho cha kukaa."

Nilikinunua bila kufikiri mara mbili.

Mpira wa pili ulilala kwenye kopo, ukaamka vile vile ulivyolala. Ndipo fundi akaanza kazi. Alitoa nyaya za betri, akafukuza kila mwenye sigara mpaka barabarani, akamimina petroli yote kwenye dumu, akalishusha tangi na kulisuuza mpaka likaacha kutoa matope. Akalaza bomba jipya la shaba ubavuni mwa chasisi, mbali na ekzosi, na kila lilipopita kwenye tundu la chuma alilivisha kipande cha mpira lisisuguliwe. Kisha mipira, na klipu mpya kila mwisho. Kichujio changu alikifunga karibu na kabureta bila kusema neno, na kwake yeye kunyamaza kulikuwa sawa na kusifu.

Gari likawaka. Alipitisha kidole kwenye kila kiungio, akakinusa. Adhana ikaadhiniwa, aliacha injini inanguruma, akanawa, akaenda msikitini, na aliporudi alipitisha kidole tena, kiungio baada ya kiungio, akinusa. "Kiungio kinaweza kukudanganya kabla ya sala," alimwambia baba. "Baada ya sala kimepata moto, kinasema kweli." Vyote vilikuwa vikavu.

Baba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameinamia kile kichujio. Petroli ilikuwa imepanda mpaka katikati, inachezacheza ndani, nyekundu kidogo, safi. "Ipo," alisema. Aliendelea kuitazama. Halafu akatoa kile kipande cha dripu mfukoni, akakitupa mwenyewe kwenye pipa la taka.

Jumamosi alfajiri, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo, nilikuta amekwisha kuliosha gari na kutandika blanketi kwenye kiti. Mama alibaki, maana mwenye nyumba hawezi kumfuata mgeni na kumpokea pia. Baba alinipa ufunguo.

"Likikohoa, simama. Usililazimishe."

"Halitakohoa, baba."

"Najua. Likikohoa, simama."

Sitaieleza safari ya kwenda, kwa kuwa nilikuwa naendesha kwa masikio zaidi kuliko kwa macho na sikumbuki chochote ila sauti ya injini. Nilivuka mji, nikashika barabara ya magharibi, nikaacha lami, nikapanda vumbi. Koko alikuwa ameketi nje ya boma, amevaa shanga zake zote, kibuyu cha maziwa kiko magotini. Bila shaka alikuwa hapo tangu jua halijatoka.

"Takwenya!" akanisalimia.

"Iko," nikamwitikia.

Alipapasa kiti, akapapasa mlango. "Hili ndilo la yule bwana?"

"Ndilo, Koko. Yeye amebaki nyumbani."

"Vizuri," alisema, akapanda kwa msaada wangu na matusi machache kwa nyonga zake.

Njia nzima alinisimulia habari za ng'ombe mmoja aliyekufa kabla sijazaliwa. Alisimulia vizuri, nilijua pa kuitikia, lakini roho yangu ilikuwa kwenye mlima wetu. Kuna kona moja chini ya Nkoaranga ambapo Mgonjwa alizoea kuzima. Jiwe la baba liko pale pale pembeni, limelainika kwa kazi. Hapo tukizima, nilikuwa namtoa Koko wapi na nampeleka wapi, mguu ule, kilima kile? Nilipunguza gia mapema. Petroli sikuiona, na sikuwa na njia ya kuiona. Ilikuwa huko mbele, ndani ya mpira mweusi, inapanda au haipandi. Gari liliingia kwenye kona, likanguruma, likalipita jiwe. Koko akaniuliza mbona nimecheka, ng'ombe si ndiyo kwanza anaumwa? Nikamwambia nimefurahi tu. Nilikuwa nimefurahi kweli, ile furaha ya kijinga inayokufanya utake kuwapungia mkono watu usiowajua.

Mama alimpokea uani. Koko hakutaka kiti, hakutaka chai, alitaka jiko. Aliingia, akainama mpaka uso ukawa karibu kugusa mafiga, akatazama figa moja moja. Akapitisha kiganja kwenye ukuta uliokandikwa, wote, mpaka kwenye pembe. Akafungua chungu, akanusa, akafunika. "Nimeona," alisema, na mama, ambaye hasira zake mnazijua kupitia kwangu, alilia kama mtoto mchanga na kucheka hapo hapo. Tulikula. Koko alikula ndizi kwa nyama akasema chumvi imepungua, na mama akafurahi, kwa kuwa huko ndiko kuzungumza na mama yako nyumbani kwako.

Baba alikuwa migombani tangu asubuhi na panga lake, anakata majani ambayo ng'ombe wetu wasingeyamaliza kwa wiki nzima.

Baada ya kula Koko aliomba nimrudishe kwenye gari. Nilidhani amesahau kitu. Alisimama mbele ya boneti, akaweka kiganja juu yake, akachukua maziwa ya kibuyu mdomoni na kuyatema kidogo kidogo juu ya bati, kama wazee wa kwao wanavyombariki mtu. Alizungumza kwa Kimaasai, ndiyo lugha ya Waarusha, nami ninaielewa kwa mama. Alisema mguu wako usijikwae. Alisema ng'ombe wako wajae, watoto wa watoto wako wakuite. Alisema umenitunzia vizuri binti yangu. Aliyasema kwa sauti kubwa sana, kubwa kuliko inavyohitajika kwa gari, na hakuwa ameligeuzia uso. Alikuwa ametazama migombani kwa macho yake yale yenye ukungu, ambako sidhani kama aliona zaidi ya ukijani.

Nikageuka na mimi. Baba alikuwa amesimama kati ya migomba, panga liko chini, kofia mkononi, ameinamisha kichwa kama mtoto anayengoja mkubwa amguse utosini. Alikaa hivyo, bila kusogea, mpaka mama alipomshika Koko mkono na kumwingiza ndani.